Dirisha la Boksi la Mboga

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, kisu cha Mama Chapchap kilikuwa kimeshaanza kazi. Alikata kabichi, karoti na hoho, nyembamba kama uzi. Mikono yake ndiyo iliyompa jina hilo mtaani. Mboga alizipanga kwenye maboksi ya karatasi yenye dirisha dogo juu, kisha akayapeleka kwenye friji ya duka la jirani.

Zamani dirisha lilikuwa la nailoni. Mwenye duka alipoikataa nailoni, Mama Chapchap na wifi yake, dada wa mumewe ambaye naye aliuza mboga hapo, walikwenda karakana kujifunza kutengeneza utando wa mimea. Unachukua wanga wa muhogo, maji, siki kidogo na gliserini. Unapika mpaka uji uwe mzito na kung'aa. Unaumwaga juu ya kioo, unausambaza, unaacha ukauke. Ukiubandua, unapata utando unaoonyesha ng'ambo.

Walifundishwa siku moja na mwalimu mmoja. Lakini kwenye friji, dirisha la wifi lilibaki safi. La Mama Chapchap lilijaa matone, likawa jeupe. Mboga zake nzuri hazikuonekana hata kidogo.

Wivu ukamwingia. Mama mkwe naye hakusaidia.

"Boksi la mwanangu, unaona mpaka mbegu za hoho," alisema mbele ya watu. "La huyu, sijui kaweka nini humo."

Mwenye duka akaja na lake.

"Mama, friji yangu ni ndogo. Rafu ya katikati, ile ya usawa wa macho, nitampa mmoja wenu. Jumamosi nachagua."

Rafu hiyo ilikuwa ya Mama Chapchap kwa miaka saba! Usingizi ulimpaa.

Siku iliyofuata alipita kwa wifi yake, ati kuazima ungo. Dirishani alisimama, akachungulia. Wifi alikuwa anapaka utando kitu kwa kitambaa. Mezani palikuwa na kopo la nta ya mimea.

"Kumbe!" Mama Chapchap aliguna. "Siri yake ndiyo hiyo. Na hakuniambia, mtoto wa watu."

Ungo hakuuchukua tena. Alikwenda kununua nta.

"Yeye anapaka upande mmoja," alimwambia mumewe, fundi seremala. "Mimi napaka zote mbili. Tutaona."

"Mke wangu, si ungemuuliza tu?"

"Nimuulize yeye? Bora nimuulize paka."

Jumamosi, mwenye duka alifungua friji. Madirisha ya wifi yalikuwa safi. Ya Mama Chapchap yalikuwa na matone makubwa, mengine yakidondokea karoti.

"Mama," mwenye duka alisema, "humu mna mboga au mna mvua?"

Watu walicheka. Mama Chapchap alibeba maboksi yake bila kuaga. Wifi alimfuata mpaka jikoni kwake.

"Umekuja kunicheka?" Mama Chapchap aliuliza. "Ulinificha habari ya nta!"

"Nta? Wewe ulipaka wapi?"

"Pande zote mbili."

Wifi alitaka kucheka. Alipoona machozi, alikimeza kicheko chake. Alichukua sahani mbili za kioo. Moja aliiosha vizuri kwa sabuni. Ya pili aliipaka mafuta kidogo. Kisha akazinyunyizia maji zote.

"Tazama, wifi. Penye mafuta, maji yanafanyaje?"

"Yanasimama matone matone."

"Na penye usafi?"

"Yametandaa. Naona mpaka chini."

"Basi ndiyo hivyo. Mboga zinapumua, zinatoa mvuke. Mvuke ukikuta dirisha baridi, unageuka maji. Wanga unapenda maji, kwa hiyo yanatandaa, unaona ndani. Nta haipendi maji. Inawekwa nje tu, utando usilowe ukishikwa na mikono yenye maji. Ukiiweka ndani, unapata matone."

"Lakini hata kabla ya nta dirisha langu lilikuwa jeupe."

Wifi aliufuata uji wa wanga uliokuwa ukikauka juu ya kioo. Alipitisha kidole pembeni.

"Hiki kioo umekipaka mafuta ya kupikia?"

"Ndiyo. Ili utando ubanduke haraka."

"Mafuta yanabaki kwenye utando, wifi. Osha kioo, kikaushe, usipake kitu. Subiri siku mbili. Ukikauka sawasawa utabanduka wenyewe."

Mama Chapchap alikisukuma kioo pembeni. Haraka yake ndiyo iliyomponza, na wivu ukamziba mdomo asiulize.

"Nilikuonea wivu," alisema.

"Na mimi nakuonea," wifi alijibu. "Dirisha langu linaonyesha kila kitu. Karoti zangu nene kama vidole, kabichi imekatwa ovyo. Maboksi matatu yamerudishwa. Rafu nimepewa, lakini nitaweka nini humo?"

Kuanzia hapo walifanya kazi jiko moja. Wifi alimwaga uji kwenye vioo visafi, akasubiri, akapaka nta upande wa nje tu. Mama Chapchap alikata. Maboksi yao yalikaa rafu ya katikati, na siku ya tatu bado ungeweza kuhesabu vipande vya karoti ndani.

Jumamosi nyingine mama mkwe alikuja dukani, akawakuta wote wawili wakipanga maboksi. Aliinua boksi, akalitazama kwenye mwanga.

"Jamani, mwanangu! Lini ulijua kukata hivi?"

Mama Chapchap aliinamisha kichwa. Wivu ule ulianza kurudi.

"Si mimi, mama," wifi alisema kwa sauti, wateja wote wakasikia. "Mimi nimetengeneza dirisha tu. Hizo mboga kakata mke wa mwanao."

Mama mkwe alilitazama tena boksi, kisha akamtazama mke wa mwanawe.

"Mwanangu," alimwambia yeye, kwa mara ya kwanza, "nifungie mawili."