Kopo la Dada Brashi

Jumatatu asubuhi Dada Brashi alifungua kopo lake la mchanganyiko akalikuta limejaa, na Jumamosi alikuwa ameliacha nusu. Alilitikisa, akajiambia labda macho yamechoka. Kusema kweli alifurahi. Mpambaji gani atakasirika faundesheni, rangi yake ya kupaka nyuso, ikijiongeza?

Kopo hilo lilikuwa na sifa mtaa mzima. Kila chupa ilipokaribia kuisha aliikwangua, akayamimina mabaki humo, na kwa miaka tisa ikapatikana rangi isiyouzwa duka lolote, rangi inayokubali kila uso. Wanaojua kazi huchota kidogo kwa kijiti, wakaweka kwenye kisahani, ndipo wakachovya brashi. Yeye alichovya humo humo, akampaka mteja, akachovya tena. Mikono ilikuwa myepesi, foleni ndefu, na sifa zilikuwa zimempanda kichwani.

Siku hizo wateja walianza kurudi. Karani mmoja alikuja shavu limevimba. Mwalimu akaja kope hazifunguki. Wote walikuwa na alama nyekundu tano kila shavu, moja fupi na nne ndefu, kama waliokamatwa uso kwa nguvu. Dada Brashi alikuwa na jibu moja kwa wote.

"Ni ngozi yako, mpenzi. Ngozi yako nyeti. Mimi kila kitu najaribu kwanza mkononi kwangu. Tazama, huu hapa, hauna hata kipele."

Hakuwa anadanganya, na hapo ndipo alipopotea. Alijaribu kwenye mkono wake badala ya nyuma ya sikio la mteja, kana kwamba dunia nzima ina ngozi moja. Wateja wakaondoka wameinamisha vichwa, wanaona haya kwa kosa lisilo lao.

Alhamisi ikafika zamu ya mdogo wake, binti aliyemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Harusi yake ilikuwa Jumamosi mchana, na leo walitaka kuona tu atakavyopendeza. Dada Brashi alimketisha mbele ya kioo kikubwa akaanza kazi. Katikati ya kupaka akasikia sauti ndogo kutoka mezani, ya mtu anayelamba kijiko. Akageuka. Kopo lilikuwa limetulia, ila hewa ilinuka pumzi ya mtu aliyeamka sasa hivi.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Nimesikia," mdogo wake akajibu, sauti ikiwa chini kabisa. "Na iko vuguvugu, dada. Mbona faundesheni yako ina joto kama mwili?"

"Ni hali ya hewa," alisema Dada Brashi, akamalizia kupaka.

Ijumaa asubuhi bibi harusi mtarajiwa aliamka jicho moja limefunga, midomo imefura, na alama tano kwenye kila shavu. Wakakimbilia zahanati. Nesi wa ngozi, mama mfupi asiye na maneno mengi, alimgeuza uso huku na huku kwenye mwanga.

"Huyu ni wa saba mwezi huu," alisema. "Wale sita wote wamenitajia saluni yako. Unawapaka nini?"

"Mimi, nesi, kila kitu najaribu kwanza kwenye mkono..."

"Sikukuuliza mkono wako."

Akawapa vidonge. Akamwambia binti aoshe uso kwa maji matupu, asipake kitu chochote mpaka apone, na pumzi ikianza kubana arudi mbio. Kisha akamtazama Dada Brashi. "Na hicho unachotumia, kitupe leo."

Walifika saluni saa tisa alasiri, jua likiwaka nje. Dada Brashi alipofungua mlango, ile pumzi ilimpokea usoni. Mezani, kifuniko cha kopo kilikuwa kinajizungusha chenyewe, taratibu, mpaka kikadondoka.

"Nipake tena," sauti ilisema, na ilikuwa sauti ya karani. "Mara moja tu," ikaendelea kwa sauti ya mwalimu. "Nikirudi usoni kwake uvimbe utashuka, kesho atang'aa. Usiponipaka watamwona hivi hivi, na watauliza ni nani aliyempamba."

"Wewe ni nani?"

"Wewe ndiye uliyenilea. Kila brashi iliyorudi humu iliniletea uso wa mtu. Mkono wako sikuugusa. Niliuhitaji, uwaambie wateja kwamba wako salama."

Dada Brashi alitaka kukimbia, lakini pale aliposimama aliona faundesheni ikipanda juu ya ukingo wa kopo, ikiteremka mezani bila kudondoka, ikijikusanya na kujiinua mpaka ikawa na kidevu, halafu mashavu, halafu kope mbili nene zilizofumba, na kope zile zikaanza kufunguka huku pumzi ikizidi kunuka na sauti za wanawake sita zikinong'ona pamoja kwamba jina lake litazikwa kesho mbele ya watu wote, na hofu ikamjaa kiasi kwamba alipojitazama alijikuta tayari ameshika brashi, na ncha yake imekwisha kuzama ndani.

"Dada," mdogo wake alisema kutoka mlangoni. "Weka brashi chini."

"Watakucheka kesho."

"Wanicheke. Uso ni wangu na harusi ni yangu."

Dada Brashi alimtazama mtoto aliyemlea, jicho moja likiwa limefunga na lingine linamkodolea, na aibu yake ikaizidi hofu. Akaitupa brashi.

"Haikuwa ngozi zao," alisema. Akaugeukia ule uso. "Umenisikia? Haikuwa ngozi zao hata siku moja. Ni kopo langu, na ni uzembe wangu, na nitakwenda mlango kwa mlango kuwaambia. Kama ulinitegemea nikufiche, umeula wa chuya."

Kope zile zilipepesa. Ule uso ulinywea ukarudi koponi mbio, na yeye akalinyakua kwa mikono miwili, akatoka nalo uani, akaimwaga faundesheni juu ya saruji, akaitandaza kwa ufagio mpaka ikawa nyembamba kama karatasi. Kitu kilichozoea kufunika hakikuweza kustahimili kufunuliwa. Juani zikaonekana nyuso, mmoja baada ya mwingine, uso wa karani, uso wa mwalimu, na za wengine ambao hakuwakumbuka tena, kila mmoja ukifungua mdomo, ukikauka, ukipasuka. Akakwangua magamba, akasugua sakafu kwa sabuni mara tatu.

Hapo ndipo mkono wake ulipoanza kuwasha. Miaka tisa ya majaribio ilifika kwa siku moja. Vipele vilipanda kutoka kiganjani hadi begani, vikavuka shingo, na magharibi ilipoingia uso wake ulikuwa umefura kuliko wa mdogo wake. Nesi alimdunga sindano.

Jumamosi ukumbini bibi harusi aliingia uso mtupu, alama zote kumi nje, kichwa juu. Minong'ono ilipita viti hadi viti. Bwana harusi alimshika mkono akacheka kwa furaha, akasema leo angalau anamwona vizuri. Dada Brashi alikuwa amejibanza nyuma ya nguzo.

"Mpambaji wao nani?" mgeni mmoja aliuliza kwa sauti. "Ajulikane, tumkwepe."

Angeweza kunyamaza. Akajitokeza, uso umefura, mkono mwekundu, mbele ya macho yote yale.

"Ni mimi," alisema. "Na kama kuna niliyemwambia ngozi yake ndiyo mbaya, nilikosea. Jumatatu niko saluni tangu asubuhi. Njooni mnitukane."

Mdogo wake akamvuta kwa ule mkono mzima, akamsimamisha kando yake mbele ya kamera. Mpiga picha aliwatazama, akasita.

"Msijali," alisema kwa upole. "Nikifika studio nitawasafisha hizo alama. Nitawapaka kidogo tu kwenye kompyuta, hakuna atakayejua."

Vidole vyake vilipogusa kamera, upepo mdogo ulipita kati yao, wenye harufu ya mtu aliyeamka sasa hivi. Ndugu wale wawili walitazamana.

"Hapana," walisema pamoja. "Piga hivi hivi."