Unywele Mmoja Chini

"Shuka, mwanaharamu we! Shuka!"

Darubini haikushuka.

Kobe alibonyeza tena kitufe cha chini kwa kidole gumba kilicholowa jasho. Mota ikanguruma kidogo, zzz, kama mtumishi anayeitikia bila kuinuka kitini. Kwenye skrini picha ilibaki palepale: taa ya dari, fundo la nywele za mwanamke, na kipande cha paji la uso.

Paji hilo lilikuwa la mdogo wake.

Akabonyeza kwa muda zaidi. Zzz. Zzz. Mara darubini ikaruka! Ikaupita uso wote, ikatulia juu ya meza na glasi za maji.

Redio ikakoroma.

"Kobe. Umemwona?"

"Bado, Mkuu."

"Vijana wako nyuma ya ukuta. Ukiendelea kukaa kimya, tunaingia."

"Nipe dakika."

"Dakika ndiyo hiyo unayoila."

Tuelewane mapema, maana mambo haya hayana mzaha. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na kiwanda cha rangi kilichofungwa, lango mbele na daraja nyuma. Ndani yake wasafirishaji wa magendo walikuwa wakiuza makombora ya kuangushia ndege za abiria. Mdogo wake Kobe aliingia nao kama mkalimani. Walimpekua kuanzia nywele hadi visigino, kwa hiyo hakuwa na redio wala simu. Ulimi wake ulikuwa miwani. Akiiacha usoni, njooni. Akiivua na kuifuta, lango limetegwa mabomu, na atakayeligusa atakufa pamoja na wote waliomo ndani.

Yeye akiwa mmoja wao.

Na Kobe, jasusi aliyepewa jina hilo kwa subira yake, alikuwa amejifungia kwenye stoo ya karatasi juu ya kiwanda cha uchapaji, akigombana na mashine.

Alichomoa waya na kuuchomeka upya. Wapi! Akatazama betri, taa ya kijani inawaka vizuri. Akaweka mwendo wa chini kabisa: mota inazunguka, bomba la darubini halina habari. Akaweka mwendo wa juu kabisa, bomba likainuka kwa kishindo, nusura limng'oe meno.

Mwendo mkubwa, sawa. Mwendo mdogo, hola.

Hasira zikampanda. Akalisukuma bomba kwa kidole kimoja, mota ikiwa imezimwa.

Likacheza. Tk, tk. Kidogo tu.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Ni mimi."

Asubuhi alikuwa amelisawazisha bomba lile mpaka akajisifu. Mbele na nyuma uzito sawasawa, hata nzi angetua lingeinama. Kumbe alikuwa akijichimbia shimo mwenyewe! Uzito ukilingana hivyo, meno ya gia hayaegemeani. Mota inazunguka kwenye upenyo uliopo kati yake, bomba linaelea, na meno yakikutana ghafla ndipo linaporuka. Lilihitaji kuelemewa upande mmoja, basi.

Akatafuta kitu kizito. Marobota ya karatasi yalikuwa makubwa mno, na ndoo ilikuwa tupu.

Akaichomoa bastola yake ya Glock kiunoni.

Alifungua kamba ya kiatu, akaining'iniza bastola kwenye mkia wa darubini, akairudisha picha kwenye fundo la nywele. Akagusa kitufe cha chini.

Picha ikateremka. Taratibu, kwa utiifu, unywele mmoja mmoja. Paji. Nyusi. Miwani.

Ilikuwa usoni, na midomo yake ilikuwa ikitafsiri. Kobe alitaka kulia. Alikuwa amekonda, binti wa watu, na chini ya jicho alikuwa na alama ambayo wiki iliyopita haikuwapo.

"Kobe, tunaingia."

"Subiri, Mkuu! Nimempata. Subiri nihakikishe!"

Nyuma yake mlango ukafunguka.

"Mikono juu. Kioo chako kinamulika bonde zima, mjinga wewe."

Mlinzi wa wale wauza makombora. Kobe aliuona mtutu kwenye kona ya skrini, ukiakisiwa. Glock ilikuwa mbele yake, mkono tu aunyooshe. Lakini akiichomoa, picha inaruka, na mdogo wake anapotea tena.

Akaiacha. Aliinua mikono polepole, rimoti ikiwa kiganjani, macho hayabanduki kwenye skrini.

"Geuka!"

"Ngoja kidogo, kaka."

"Nani kaka yako?"

Kwenye skrini mdogo wake akaivua miwani. Akaifuta kwa ncha ya shati.

"Mtego!" Kobe aliipigia kelele redio iliyokuwa bado wazi. "Lango lina mabomu! Zibeni daraja la nyuma!"

Kitako cha bunduki kikamshukia shingoni. Akaanguka kifudifudi, giza machoni, damu mdomoni. Rimoti bado iko mkononi. Akatafuta mwendo wa juu kabisa kwa kupapasa.

Akabonyeza.

Mota ikapiga ukelele, bomba likainuka lenyewe na bastola ikining'inia. Mlinzi akashtuka, akageuka, akaipiga darubini risasi mbili. Hakupata nafasi ya tatu. Kobe alimvuta miguu yote miwili, na kichwa cha mlinzi kikakutana na sakafu.

Vipande vya kioo vilitapakaa kila mahali.

Baadaye redio ikasema, "Tumewanasa darajani. Land Cruiser mbili, makombora yote. Mdogo wako yuko hai. Huyu hapa, ongea naye."

"Kaka?"

"Niko hapa, mdogo wangu."

"Uliniona?"

"Nilikuona."

Sauti ya mdogo wake ilikuwa imechoka.

"Niliivua mara tatu. Mara ya pili wakanipiga, wakauliza mbona nafuta miwani safi. Kwa nini ulichelewa?"

Kobe aliitazama darubini iliyotobolewa, na kamba ya kiatu iliyokuwa ikining'inia.

"Mashine ilisumbua," alisema.

Alimfunga mlinzi pingu, akafungua kamba, akairudisha Glock kiunoni. Akashuka ngazi polepole, kiatu kimoja kikilegea, akampita mlinda lango wa kiwanda cha uchapaji na kumwitikia salamu kama mtu anayetoka kazini.

Mikono yote miwili ilikuwa mifukoni. Kidole gumba bado kilikuwa kikibonyeza kitufe kisichokuwapo.