Nani Kaficha Hesabu za Shule?

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, na watu wananiita Mama Sare. Sidanganyiki kirahisi. Mteja akisema kitambaa ni mita mbili, napima tena.

Siku moja binti yangu alirudi kutoka shule na kikaratasi. Wazazi tuchangie ukarabati wa paa la darasa.

"Wee!" nikasema. "Si serikali ilisema shule ni bure? Huyu mwalimu mkuu anataka kutula."

Baba watoto akacheka. "Mke wangu, wewe hata kivuli chako unakishuku."

Sikucheka. Nilimzuia binti yangu kwenda shule mpaka nionyeshwe pesa za serikali zimekwenda wapi. Siku ya tatu alikuwa bado ameketi kando ya cherehani, analia. Ilibaki wiki moja tu afanye mtihani wake wa mwisho. Roho iliniuma, lakini nilikaza uzi.

Ndipo akaja jirani yetu, Bi Miwani, kupunguziwa gauni. Yeye ni mjumbe wa kamati ya shule. Ahaa, nikawaza, na huyu yumo.

"Bure ni nini basi?" nikamuuliza huku nampima kiuno.

"Serikali inalipa mishahara ya walimu. Inaleta pia fedha za vitabu na chaki. Sare na madaftari ni juu ya mzazi. Kila nchi ina mpango wake, shoga. Kuna nchi serikali inabeba karibu yote. Kuna nchi wazazi ndio wanaoelemewa."

"Na paa?"

"Fedha za ukarabati zilizokuja hazikutosha. Tulikubaliana kuchanga kwenye mkutano wa wazazi. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nashona."

"Basi. Hesabu zimebandikwa ubaoni, nje ya ofisi."

"Uongo! Napita pale kila wiki. Hakuna hesabu yoyote!"

"Twende."

Tulikwenda, binti yangu nyuma yetu. Ubaoni palikuwa na karatasi moja kubwa tu: MAMA SARE. NASHONA SARE ZA SHULE. BEI NAFUU. Niliibandika mwenyewe, kwa pini zangu.

Bi Miwani akaing'oa. Chini yake kulikuwa na hesabu. Fedha zilizopokelewa, zilizotumika, zilizobaki. Nilisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Aibu ilinijaa mpaka masikioni.

"Kuuliza ni haki yako," alisema Bi Miwani. "Kumkalisha mtoto nyumbani, hapana."

Nikamgeukia binti yangu. "Nisamehe, mwanangu. Nenda darasani."

Alishakimbia kabla sijamaliza. Mtihani aliufanya, akafaulu.

Siku hizi tangazo langu liko mlangoni kwangu. Mikutano ya wazazi sikosi, na nikichanga nadai risiti. Kila mwisho wa muhula naenda kusoma ubao.

"Mama Sare!" mwalimu mkuu hunitania. "Umekuja kutukagua tena?"

"Ndiyo, mwalimu. Hebu sogea kidogo, unanizibia ubao."