Ukuta wa Jivu la Takataka

Mwezi wa saba pale Kimbo, Ruiru, ni baridi na manyunyu. Wakonyo, mama yake Njambi, alikuwa mgonjwa wa kifua. Kwa mila ya kwao Dismas, mume wa Njambi, mama mkwe halali nyumba moja na mkwewe. Basi mama alilala stoo ya jirani, huku Dismas akimjengea chumba chake uani.

Mchanga uliisha. Dismas akaleta magunia ya jivu kutoka tanuri la kuchomea takataka.

"Hiyo utaweka kwa bloku?" Njambi aliuliza.

"Jivu ni jivu. Si mama hunyunyizia sukuma wiki jivu la jiko? Mbona hatujakufa?"

Akafyatua bloku, akajenga, akapaka plasta. Baada ya wiki mbili ukuta ulivimba. Plasta ikaanguka vipande vipande.

Njambi akamwita Zubeida, rafiki yake anayefanya kazi kiwanda cha bloku Thika. Zubeida aligusa ukuta, kisha akaomba maji ya kunawa.

"Shemeji, jivu la jiko ni kuni. Hili ni betri, rangi na mikebe. Lina madini ya risasi, na hayo ni sumu. Vipande vya alumini navyo vikikutana na simiti mbichi hutoa gesi. Ndiyo maana ukuta umeumuka; umepika mandazi hapa."

Dismas hakucheka. "Na nyinyi hamtumii jivu?"

"Tunatumia lile zito la chini ya tanuri. Lile jepesi linalopaa na moshi dohani hatugusi. Hilo zito linakaa miezi juu ya sakafu ya simiti, maji yake yasiingie ardhini. Tunachekecha, tunatoa vyuma, maabara inapima. Likifeli, halitumiki. Likipita, tunachanganya kidogo, mchanga na simiti vinapungua. Kuchoma mawe ya kutengeneza simiti kunatoa moshi mwingi, shemeji."

"Nikipaka plasta nzito?"

"Bomoa."

"Mama analala stoo."

"Najua. Hapa atapumua vumbi hili."

Walifunga vitambaa puani, wakamwagia ukuta maji, wakaubomoa. Vifusi vikatiwa magunia, vikapelekwa mahali pa taka za sumu. Wakonyo alitazama kutoka mlango wa stoo.

"Si mlikuwa mnamaliza?" aliuliza. Dismas akaendelea kuokota vipande vilivyobaki.

Bloku zilizopimwa zilifika mwezi wa tisa. Wakonyo aliingia chumba chake mwezi wa kumi, amekonda, kifua kikikwaruza. Ukuta ulikuwa mkavu, hauna ufa. Dismas, kwa heshima ya mkwe, alibaki nje.

"Mkwe wangu," mama alisema kutoka ndani, "ukinisikia nikikohoa, usiogope. Ni kifua changu tu. Si nyumba."