Ombi la Pili

Siku ya kwanza ilikuwa ni "Amina" moja tu iliyochelewa.

Pasteur Stanislas alikuwa amefunga maombi ya saa tisa alasiri. Watu wapatao ishirini, waliobanana sebuleni mwa Henriette, waliitika kwa pamoja, wakanyamaza, wakaanza kutafuta viatu vyao mlangoni. Ndipo sauti moja ikasema "Amina" peke yake, taratibu, kutoka upande wa dirisha. Henriette aligeuka. Hapakuwa na mtu pale. Palikuwa na pazia, na harufu ya matope ya ziwa.

"Nani amekuya na samaki mu maombi?" aliuliza.

Watu wakacheka. Nani angekuja na samaki? Ilikuwa mwaka 1994, na katika mtaa wao wa Kikula, mjini Likasi, wengi walikula bukari, ugali wa kwao, mara moja kwa siku, wengine bila mboga.

Nyumba ilikuwa ya Athanase, fundi wa mashine, mume wa Henriette na baba wa wanawe wanne. Kila asubuhi alivaa ovaroli yake ya buluu akaenda kiwandani kukaa karibu na mashine zilizosimama, kwa sababu hakujua mahali pengine pa kwenda. Nyuma, katika parcelle hiyohiyo, yaani kiwanja kimoja chenye ua mmoja, katika chumba na ukumbi, aliishi mdogo wake Fidèle na mkewe Clotilde. Lakini aliyefungulia maombi mlango wa nyumba alikuwa Henriette. Aliuza vitenge vyake vya harusi akanunua mabenchi. Alifunga kula hadi mashavu yakabonyea. Miaka miwili alimwomba Mungu karama moja tu, unabii.

Na karama ikampita, ikaenda nyumba ya nyuma.

Ikaenda kwa Clotilde! Msichana aliyeletwa kutoka kijiji cha wavuvi kule ziwa Tshangalele, aliyesoma Biblia kwa kupitisha kidole chini ya kila herufi. Siku moja katikati ya maombi alisimama, akamwambia mama mmoja kwamba mwanawe aliyepotelea Angola yu hai na Alhamisi atabisha hodi. Alhamisi kijana akabisha. Tangu hapo watu waliingia getini, wakapita mlango wa Henriette bila hata kumsalimia, wakiuliza, "Mama nabii iko?" Kikombe cha unga ambacho waombaji walimletea yeye kama sadaka kikaenda nyuma. Na Clotilde alipopata mimba baada ya miaka minne ya kungoja, watu walicheza uani, naye Henriette akawasongea bukari huku meno yameumana.

"Ufurahi, mama," Athanase alimwambia. "Ni baraka ya nyumba yetu."

"Ya nyumba ya nyuma," alijibu.

Adhuhuri moja, wote walipokuwa wametoka, alijifungia sebuleni akapiga magoti.

"Mungu, weye unaona. Ni minye nilikufungulia nyumba. Unipe ile Clotilde iko nayo." Alingoja. Kimya. Basi akatoa maneno ambayo miezi mingi yalikuwa yamemkaa kooni. "Na yeye, umunyang'anye kile anapenda zaidi. Haki njo hiyo." Kimya tena. Hasira ikamshika, akapiga sakafu kwa kiganja. "Kama weye unakatala, basi yeyote anayenisikia anipe!"

"Amina," ilisema sauti ya dirishani.

Alitaka kukimbia, lakini chini ya hofu ile palikuwa na kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa furaha. Hatimaye kuna aliyemsikia yeye.

Kesho yake, wakati wa maombi, sauti ikamjia sikio la kushoto, karibu kama jirani anayenong'ona umbea. Haikusema Kiswahili cha Likasi. Ilisema Kiswahili kilichonyooka cha Biblia. Henriette akasimama akayarudia maneno yake kwa lugha ya mtaani. "Adolphe, ulimufukuza mujane wa kaka yako mu mvua, na batoto bake." Mzee Adolphe, aliyekuwa akikaa benchi la mbele, alianguka kifudifudi akalia na kukiri. Watu wakapiga haleluya hadi bati likatetema. Wiki ile aliwataja wengine watatu, na hakukosea hata mmoja.

Maneno ya Clotilde yalikuwa juu ya wanaorudi. Ya Henriette yalikuwa juu ya yale watu waliyoficha, hayo tu. Na walioungama hawakusalimika. Siku ya tatu Adolphe aliamka kiziwi. Mama aliyekuwa ameuza mafuta ya uongo ya maombi alivimba mikono hadi hakuweza kushika kijiko. "Ni haki ya Mungu," watu walinong'ona, na sasa hakuna aliyepita mlango wa Henriette bila kuinama. Waliinama kwa hofu. Aliiona tamu kuliko kupendwa.

Pasteur Stanislas alikuja peke yake, akakaa pembeni ya benchi.

"Mama Henriette, Mungu akihukumu muntu, anamuachiaka mulango wa kutokea. Hii yako haiko na mulango."

"Pasteur, uko na wivu."

Pasteur alisimama kuondoka. "Labda. Lakini ujiulize ni nani anaongea na weye."

Hakujiuliza. Jumanne asubuhi alikuwa dirishani, akimwangalia Clotilde akitwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Mchi ukasimama hewani. Clotilde alifungua kinywa kama mtu anayetaka kuita, na hakuna kilichotoka. Alijaribu tena, shingo imemkaza, macho yamemtoka. Kisha mchi ukaanguka, akashika tumbo kwa mikono miwili, akabaki amelishika hivyo, akisikilizia kwa viganja kitu ambacho hakikuja.

"Uliomba mawili," sauti ilisema sikioni mwa Henriette. "La kwanza nimekupa. La pili ninalichukua."

"Hapana," alinong'ona. "Minye nilimulomba Mungu."

"Ulisema yeyote."

Dawa aliijua. Mara ngapi Pasteur alikuwa amehubiri kwamba kilichoombwa gizani huvunjwa kwa kutajwa mbele ya watu? Ilimbidi asimame tu na kusema. Alingoja Jumatano, akangoja Alhamisi, Ijumaa. Kila alipojiandaa aliziona nyuso za wale wanawake, akaona jinsi midomo yao ingepinda. Mkunga alikuja, akatega sikio tumboni kwa Clotilde, akaondoka akitikisa kichwa. Fidèle alilia nyuma ya nyumba akidhani haonekani. Na usoni Henriette alihuzunika pamoja nao, lakini ndani, pembeni kabisa mwa moyo, paliendelea kuwaka kijiraha kidogo: leo hakuna anayeuliza mama nabii iko. Alipokigundua kijiraha kile ndipo alipoogopa kweli, kuliko alivyoiogopa sauti.

Jumamosi saa tisa walimleta Clotilde sebuleni, wanawake wawili wamemshika makwapa. Watu walijaa hadi uani. Jua lilikuwa kali nje, lakini ndani palikuwa na ubaridi wa maji ya kina, na harufu ile ya matope ilipanda tangu sakafuni hadi watoto wakaziba pua, na pazia likavutwa kuelekea nje ingawa upepo haukuwapo, na juu ya saruji kavu, kutoka dirishani mpaka aliposimama Henriette, ukatokea unyayo mmoja wa maji, kisha wa pili, kisha wa tatu, kila mtu akiziona nyayo hizo na hakuna aliyethubutu kusogeza mguu, hadi unyayo wa mwisho ukatua nyuma ya visigino vyake na pumzi baridi ikamgusa shingo.

"Sema," iliamuru. "Sema: Mungu amemhukumu Clotilde. Sema, na hawatapita mlango wako bila kuinama hadi ufe."

Ulimi wake ulianza kwenda wenyewe. "Mungu ame..." Akauuma. Damu ikajaa kinywani. Clotilde alikuwa anamtazama, na machoni mwake hapakuwa na lawama, ni kumwomba tu, kama mtu anayezama anavyomwomba yeyote aliye ukingoni.

"Ni minye," Henriette alisema. Sauti yake ilitoka ndogo, akaipandisha. "Ni minye! Nilimuonea wivu. Nililomba anyang'anywe. Sikumulomba Mungu, nililomba yeyote. Mutoto huyu hana kosa, Clotilde hana kosa, kosa ni yangu, bamama, muniangalie, ni yangu!"

Pazia likachanika kutoka juu hadi chini. Kitu kikapita kati ya watu, wakaangushana kukipisha, na mlango ukapiga ukuta. Kisha joto la alasiri likaingia, na katikati ya kilio cha watoto ikasikika sauti ambayo hawakuisikia tangu Jumanne.

"Anacheza!" Clotilde alipiga kelele, mikono tumboni. Akamgeukia Henriette kama dada mkubwa. "Yaya, anacheza!"

Mtoto alizaliwa Juni, wa kiume, mwenye nguvu. Masikio ya Adolphe hayakufunguka. Maombi yakahamia kwa Pasteur, mabenchi yakabebwa, na wanawake wa mtaa waliacha kunywa maji ya Henriette. Clotilde akawa nabii kuliko mwanzo. Henriette aliyavumilia yote hayo, akisema ndiyo malipo yake.

Wiki ya tatu mtoto alikuwa bado hana jina. Wazee wa ukoo walianza kuuliza. Alasiri moja Clotilde aliingia kwa Henriette, mtoto kifuani, akafunga mlango.

"Yaya, ile sauti ilianzaka kwangu."

Henriette aliweka ungo chini.

"Ilinikuta ku ziwa, nikiwa mutoto, nasafisha samaki. Nilikatala. Mwaka jana ikanifuata hapa. Nikakatala tena. Ikaniuliza, basi, nani mu hii parcelle atanipokea?" Alimvuta mtoto karibu. "Nikasema jina yako."

"Juu ya nini, Clotilde?"

"Ulikuwa na batoto bane. Minye, hata mumoja. Karama nilikuwa nayo, lakini kila asubuhi nilisikia batoto bako wanakuita mama."

Nje kuku alikuwa anaparua.

"Sasa imerudi," Clotilde alisema. "Haitaki minye tena. Jana nilikuwa namuosha huyu, ikaniuliza: anaitwa nani? Ni juu ya ile sijamupa jina, yaya. Naogopa itamuita."

"Sema mbele ya bantu. Leo hii."

"Siwezi. Bataniangalia vile banakuangaliaka weye."

"Na minye nilisema vile. Siku ine nilisema vile."

Getini watu walikuwa wameanza kuita. "Mama nabii! Mama nabii, uko?" Clotilde alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Alifunga upya kitambaa cha kichwa, akamweka mtoto mikononi mwa Henriette, akawatokea akiwa amenyoosha mgongo, nao wakampokea kwa vigelegele.

Kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, Henriette hakumwonea wivu. Alimbana mtoto kifuani, akaweka midomo kwenye sikio lake dogo.

"Usiitike, baba," alimnong'oneza. "Ukisikia muntu anakuita na haumuone, usiitike."