Ng'ombe Aliyefutwa kwenye Wasifu

Mimi nikimshauri mtu, mambo yake yananyooka. Uliza Milwaukee nzima, kuanzia ziwani mpaka kwa wauza matairi, kama kuna aliyefuata neno langu akajuta. Hayupo. Sasa tulia nikusimulie ya Emmett na Renata.

Walikutana Ijumaa ya Kwaresima kwenye foleni ya samaki wa kukaanga, ukumbi ule wa chini ya kanisa la Wapolandi. Mtaa mzima ulikuwa mle: wazee na bia zao, watoto wakifukuzana chini ya meza, makoti yaliyotundikwa ukutani yakidondosha theluji. Renata alivaa koti la kijani na kofia ya sufu yenye masikio marefu kupita kiasi. Nyuma yake alisimama Emmett, mrefu kama mlingoti, mashavu mekundu kwa baridi. Sahani ya mwisho ya chapati za viazi ilipotokea, wote wawili wakaishika.

"Nimekuwahi," Renata akasema.

"Umeniwahi kwa sababu nilikuwa naishangaa kofia. Huyo ni sungura au punda?"

"Amefuma bibi yangu. Endelea kumtukana, utakula samaki mtupu."

"Basi ni sungura. Tena sungura mzuri sana."

Wakagawana. Verla, mama anayegawa chakula pale, akawaongezea matufaha ya kuponda bila kuombwa, na Verla si mtu wa kumwongezea mtu.

Theluji ilipoyeyuka walikuwa hawaachani. Kila mchana Emmett alipiga simu kuuliza kama sungura wake amekula, naye alijibiwa, nimekula, punda wangu. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamnyima Emmett usingizi. Alikuwa amemaliza chuo cha kusafisha vifaa vya upasuaji, na ameomba kazi hospitali ya watoto. Akiikosa, kodi ingemshinda, arudi Duluth kulala kwenye chumba cha chini cha nyumba ya kaka yake, mbali na Renata.

Wasifu wake wa kuombea kazi ulizidi ukurasa mmoja. Rafiki fulani, kijana mwenye akili na sura ya kuvutia, jina lake halina haja, akamwambia aiondoe kazi ya kiwanda cha jibini kule Sheboygan. Kazi ya kiangazi kimoja, nani atajua? Emmett akaiondoa kwa furaha, maana kazi ile ilikuwa inamuuma.

Sasa Renata alifanya kazi kwenye kampuni inayochunguza waombaji kazi kabla hawajaajiriwa. Asubuhi moja likaja mezani kwake jalada lenye jina la mpenzi wake, na chini ya jina, mstari kutoka kiwandani: aliajiriwa hapa, akaachishwa, asirudishwe kazini. Kanuni yao ni kwamba ukimjua mtu, unalikabidhi jalada lake kwa mwenzako, na unafunga mdomo. Renata akalisukuma kwa Halvor, mzee wa meza ya pili, bila kufunua zaidi. Ila ule mstari ulibaki kichwani. Kiangazi kile Emmett alimwambia alikuwa kwa kaka yake, anapaka mashua rangi. Kumbe aliiba? Alipiga mtu?

Mchana simu ilipolia alijibu, "Nimekula." Basi. Punda hakutajwa. Emmett akaitazama simu kama imembadilikia.

Kesho yake Halvor akampigia Emmett, akauliza kama kuna kazi aliyoisahau. Emmett, akikumbuka ushauri wa yule rafiki, akasema hakuna. Halvor akamwambia afikirie vizuri, Jumatatu atauliza tena kabla ya kupeleka taarifa hospitali. Renata, mezani kwake, alisikia kila neno la Halvor, akashika kichwa.

Ijumaa, mbele ya samaki, maana ukumbi ule hukaanga kila Ijumaa mwaka mzima, Renata hakuvumilia.

"Emmett, kuna kitu hujaniambia?"

"Kuhusu nini?"

"Wewe ndiye unayejua."

Hapo kijana wa watu akapotea kabisa. Akaanza kutubu chochote kilichomjia. Supu ya kabichi ya mama yake Renata huwa anaimwaga kwenye ua la dirishani. Na alimwandikia Bridget, mpenzi wake wa zamani, salamu za pole alipofiwa na paka. Renata alisubiri wizi, akaletewa msiba wa paka.

"Sikuulizi habari za paka. Kiangazi kile ulikuwa wapi?"

Masikio ya Emmett yakaiva. "Nilikuwa ng'ombe."

"Ulikuwa nini?"

Akaeleza kwa sauti ya chini. Kiwanda kilimvika ngozi ya madoa na kichwa kikubwa cha sponji, acheze na watoto kwenye maandamano ya sherehe. Amri ilikuwa moja: usivue kichwa mbele ya watoto. Jua likawaka, akaona kizunguzungu, akavua. Watoto wakalia barabara nzima. Jioni akafukuzwa.

"Na kwa nini ulinificha?"

"Sungura wangu, mwanamke gani atamtaka mtu aliyekuwa ng'ombe, na hata ung'ombe wenyewe ukamshinda?"

Renata alicheka mpaka akajifuta machozi. "Jumatatu Halvor akikuuliza, mwambie hivyo hivyo."

"Jina la Halvor umelijuaje?"

Kicheko kikakatika. Akamwambia yote: jalada, mstari mmoja, kanuni ambayo sasa ameivunja.

"Kwa hiyo wiki nzima ulinidhani mwizi."

"Na wewe ulinipaka rangi za mashua."

Emmett akachukua koti, akaondoka. Samaki wakapoa.

Jumatatu Renata alienda mwenyewe kwa bosi wake kusema ulimi umemteleza, akakaripiwa vikali. Emmett naye alimweleza Halvor kila kitu, ng'ombe, kizunguzungu, na ule uongo wa kwanza. Baadaye akapigiwa na mkuu wa kitengo hospitalini, mama mmoja mkavu. Akamuuliza alificha kwa nini. Aibu, Emmett akajibu. Mama akasema chumba chao cha kuchemshia vifaa kina joto kama la ndani ya kichwa cha ng'ombe, na mle hakuna watoto. Aje aanze.

Emmett akampigia Renata: simu inatumika. Renata alikuwa anampigia yeye. Wakahangaika hivyo jioni nzima, kila mmoja akiamini mwenzake anaongea na mtu mwingine.

Ijumaa ukumbi ulipojaa, mlango ukafunguka, akaingia ng'ombe. Akapita katikati ya meza, akapiga goti mbele ya Renata aliyekuwa na samaki mdomoni, akavua kichwa. Watoto wakapiga mayowe. Emmett, jasho linamchuruzika ndani ya vazi la kukodi, akasema, "Sina kingine nilichokuficha. Utakubali nikuoe?"

"Na Bridget?"

"Nilimpa pole ya paka tu."

"Basi nakubali. Ila supu ya mama utakunywa."

Hadithi hii huwa nawasimulia wageni palepale ukumbini. Ijumaa iliyopita nikaimalizia vizuri: "Kwa hiyo yule rafiki, popote alipo, ndiye aliyeifanikisha ndoa ile."

Verla alikuwa nyuma yangu na birika.

"Popote alipo?" akasema. "Lonnie, si ulikuwa umekaa kiti hichohicho, kidole kina mafuta ya samaki, unamwonyesha Emmett mstari wa kufuta kwenye wasifu? Nilikuwa nakumiminia kahawa."