Majivu Kwenye Swichi

Hakuna kompyuta katika jiji zima la Bengaluru iliyowahi kumshinda Ajenti Bhargavi.

Akabonyeza. Programu ya kuandikia ikafunguka, ikapepesa, ikazimika.

Akarudia. Ikazimika tena, kama inamcheka.

Haya, moja ilimshinda. Na ndiyo iliyomuua mwenzake.

Muthanna alikuwa msituni akiwanyatia wauza magendo wa msandali mwekundu, mti wa thamani. Alituma ujumbe wa mafumbo, na programu hiyo pekee ndiyo iliyoweza kuufumbua. Ikagoma. Msaada haukwenda. Risasi zilikwenda.

"Mfumo huo wa Linux umechoka, dada," alisema Rudresh, mkuu wa kitengo, mistari mitatu ya majivu ya sala ikiwa kwenye paji lake kama kawaida. "Futa yote, tuanze upya."

"Nitafuta nikishamjua muuaji, bosi."

Bastola yake ya Glock mezani. Vidole kwenye kibodi. Akaiwasha programu ikiwa tupu, bila mipangilio, bila viongezo, vile vijiprogramu vya kupachika.

Ikasimama imara.

"Kumbe mzima wewe," akanong'ona. "Kuna mtu kakulisha sumu."

Akarudisha viongezo kimoja kimoja. Cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Cha tatu, puu! Chini.

Akaiuliza mashine: hiki kiliwekwa lini?

Siku ya sikukuu ya zana.

Damu ikamchemka. Siku hiyo hata kinyozi hagusi mkasi! Kila chombo huoshwa, hupakwa unga mwekundu, huachwa kipumzike. Bhargavi mwenyewe aliipaka mashine hii nukta kwenye swichi, akaenda zake.

Akaisogeza taa.

Nukta ilikuwa imevurugwa na kidole. Juu yake, mistari mitatu ya majivu.

Msaliti aliweza kumuuza Muthanna. Kukiacha chombo alichokivurugia baraka bila kukibariki upya, hapo moyo ulimshinda.

"Bosi," Bhargavi akaita taratibu, "mwizi wetu ni mcha Mungu."

Rudresh akachomoa bastola. Kiti kikamfyeka magoti. Kabla hajajizoa, mdomo wa Glock ulikuwa kwenye paji lake.

"Sali."

"Dada, nisikilize..."

"Muthanna alisikilizwa na nani?"

Akamfunga pingu hadi mfupa ukalia. Akaking'oa kiongezo. Ujumbe wa Muthanna ukafunguka: mzigo ulikuwa unapita leo. Akanyakua redio.

"Lori la matofali, barabara ya Hosur. Msandali uko chini ya matofali."

Punde redio ikajibu: "Tumelipata. Wote wamelala kifudifudi. Mwisho."

Bhargavi akavaa miwani, akapiga kiki pikipiki yake ya Enfield, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Na kile kiti? Nilikirusha mimi, karani wa zamu, kwa mkono mmoja.

Ndivyo nilivyokuwa nikiwasimulia wenzangu kantini, hadi Mama Puttamma wa chai alipotua trei yake.

"Wewe? Kiti kakirusha Bhargavi, nilikuwa mlangoni na chai yenu! Wewe ulikuwa chini ya meza umekumbatia ndoo ya taka, unaniuliza, 'Mama, wameshaondoka?'"